Kabla Hujapandisha Gunia kwenye Mizani

Msimu mmoja wa korosho nilikaa wiki mbili kwenye meza ya karani wa chama cha msingi, katika kijiji kimoja cha bonde la Ruvuma, nikimwandikia mjomba wangu ambaye macho yalikuwa yameanza kumsumbua. Kazi yangu ilikuwa kusikiliza namba inayotajwa mizanini, kutoa kilo moja ya gunia tupu, kuandika kwenye stakabadhi na kuirudia kwa sauti mwenye mzigo asikie. Siku ya tatu akaja mama mmoja na magunia matatu juu ya pikipiki mbili. Tulipomaliza nikamsomea: kilo 237. Akanitazama kama mtu aliyetukanwa.

"Mwanangu, nyumbani nimepima 244. Kilo saba zimeshukia wapi njiani, Mahurunga?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Nikamjibu jibu la makarani wote: "Mama, mizani ndivyo ilivyosoma." Ni jibu la kijinga, na aibu yake ndiyo iliyonisukuma kuandika makala haya miaka kadhaa baadaye.

Mjomba akainuka kwenye kigoda, akamwamkia, akamuuliza pole pole: nyumbani ulipimia nini? Mizani ya kuning'iniza, ya jirani. Ikiwa tupu mshale wake unakaa wapi? Mama akafikiri, akasema unakaa kwenye moja, jirani mwenyewe anajua. Basi, akasema mjomba, umepima mara tatu, kila mara mshale umeanza kwenye moja. Hizo ni kilo tatu ambazo hazikuwahi kuwapo. Magunia ya juti ni matatu, kila moja lina kama kilo moja. Hizo ni tatu nyingine, umepima gunia pamoja na korosho. Sita zimeonekana. Ya saba mjomba aliitafuta, akanyoosha mikono. Kwa bei ya shilingi 3,300 kwa kilo, ile iliyotangazwa na Serikali Novemba 2018 ilipoamua kununua korosho yote, kilo saba ni shilingi 23,100. Si pesa ya kuambiwa "mizani ndivyo ilivyosoma".

Nilichojifunza pale ni hiki: kilo zinazopotea zina majina, na kila jina lina ukubwa wake. Ukiujua ukubwa huo utajua ipi uikubali na ipi uidai. Na ili uujue, inabidi ukubali kurudi kidogo darasani.

Tuanze na maneno, kwa sababu hapa ndipo shule na soko vilipoachana. Sokoni tunasema uzito wa gunia ni kilo 80 na kila mtu anaelewa. Mwalimu wa fizikia atakukata alama. Kwake kilo 80 ni tungamo, yaani kiasi cha kitu chenyewe: korosho iliyomo, ganda lake, na maji yaliyojificha ndani yake. Uzito kwake ni jambo jingine. Ni nguvu ambayo dunia inaivutia korosho hiyo chini, na nguvu hupimwa kwa nyutoni, si kwa kilo. Ili kupata uzito unazidisha tungamo kwa kiwango cha mvutano wa dunia mahali ulipo. Huku kwetu Mtwara, usawa wa bahari, kiwango hicho ni kama 9.78, hivyo gunia la kilo 80 lina uzito wa nyutoni 783 hivi. Wanafunzi wa sekondari huruhusiwa kuzidisha kwa 10 ili wasiumize kichwa, wakapata 800. Gunia hilohilo likipelekwa mwezini, ambako mvutano ni kama sehemu moja ya sita ya huku, litakuwa na nyutoni 130 tu. Mtoto wa darasa la nne angelibeba kwa kichwa. Lakini ukilipasua huko mwezini utakuta korosho zilezile, idadi ileile, na mnunuzi mwaminifu angekulipa kilo 80.

Kama hilo la mwezini linakukera, nenda Msimbati asubuhi bahari ikiwa imejaa, umsaidie mvuvi kuvuta nanga ya jiwe. Kamba inakuja kwa urahisi, jiwe linapanda kama linasukumwa na mtu kutoka chini. Kisha linafika juu ya maji, na ghafla mikono inashuka, mgongo unapinda, mvuvi anakucheka. Jiwe la kilo 10 likiwa chini ya maji ya chumvi husikika mkononi kama kilo sita. Halijapungua hata chembe, na dunia haijaacha kulivuta. Maji ndiyo yaliyokuwa yakilisukuma juu, yakikupunguzia kama kilo nne za kazi. Mkono wako ni mizani, nao umedanganywa. Mizani ya chuma nayo hudanganywa vivyo hivyo, kwa njia zake.

Mizani tunazokutana nazo ni za namna mbili, ukiacha sura zake. Ya kwanza hulinganisha. Unaweka mzigo upande huu, mawe ya mizani upande wa pili, mpaka ulingane. Ile ya jukwaa yenye jiwe la kusukumwa juu ya mkono wa chuma ni ya ukoo huohuo. Mvutano wa dunia ukipungua, unapungua pande zote mbili, na jibu halibadiliki. Mizani hiyo ungeweza kuipeleka mwezini na ikakupa kilo 80. Ya pili huhisi nguvu. Ya springi hunyooka, ya kidijitali ina chuma ndani kinachojipinda kidogo sana na umeme unaosoma kule kujipinda. Hizi hazijui kilo. Zinajua nyutoni, kisha zinabahatisha kilo kwa kugawanya. Zikigawanya kwa namba ya kwingine, zinakosea.

Namba hiyo ya mvutano hutofautiana kweli duniani, wala si hadithi. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alisafiri na saa ya timazi hadi Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta. Saa iliyokuwa sahihi Paris ikawa inachelewa dakika mbili na nusu kwa siku. Saa haikuharibika. Dunia huzunguka na imetanuka kiunoni, kwa hiyo karibu na ikweta inavuta vitu kwa ulegevu kidogo, na timazi likabembea taratibu. Mtwara iko kama nyuzi kumi tu kusini mwa ikweta. London mvutano ni 9.81, kwetu 9.78. Tofauti ni kama elfu tatu katika milioni, au tuseme sehemu tatu katika elfu moja. Mizani ya kidijitali iliyorekebishwa London na kuletwa Mtwara bila kuguswa itakusomea gunia la kilo 100 kuwa kilo 99.7. Gramu 300 hazimuumizi mtu mwenye gunia moja. Ghala lenye tani 100 linapoteza kilo 300 kwenye karatasi, na hakuna aliyeiba.

Ndiyo maana mizani lazima irekebishwe mahali inapotumika, kwa mawe ambayo tungamo lake linajulikana. Hiyo ni kazi ya Wakala wa Vipimo, chombo kilichoanzishwa mwaka 2002, na alama yake ya uhakiki hubandikwa kwenye mizani. Uliza mwaka wake. Stika ya mwaka juzi ni pambo. Na usione haya kuuliza. Karani mzuri hufurahi kuonyesha, mbaya hukasirika, na hasira yake nayo ni taarifa.

Hapo kwenye mvutano ndipo baadhi ya wajanja hupatia kichaka. Nimewahi kusikia mtu akiwaeleza wakulima kwamba korosho iliyopimwa Newala, juu mlimani, lazima isome tofauti ikifika Mtwara pwani kwa sababu ya mwinuko. Ni kweli kwamba ukipanda mlima mvutano hupungua. Lakini kwa mwinuko wa Uwanda wa Makonde, ilipo Newala, kupungua huko hakufiki gramu 25 kwa gunia la kilo 80. Ni uzito wa korosho chache mkononi. Na kwa kuwa Newala mvutano ndio mdogo, mizani ileile ikishushwa pwani ingesoma zaidi, isingesoma pungufu. Mtu akikukata kilo mbili kwa sababu ya mlima, mwambie mlima haujafika huko.

Basi kama si mvutano, kilo zinakwenda wapi? Nyingi zinakwenda kwenye maji.

Neno la huku kwetu ni unyaufu, na kila mkulima analijua kwa sababu analisoma kwenye makato. Korosho ikitoka shambani ina maji, ukiianika inayatoa, ikikaa ghalani inaendelea kuyatoa taratibu. Hapa, tofauti na habari ya nanga, tungamo lenyewe limepungua. Kitu kilikuwapo na sasa hakipo, kimepaa. Kwa hiyo unyaufu ni halali. Swali ni kiasi gani.

Hesabu yake watu wengi wanaikosea, tena wasomi. Tuseme una kilo 1,000 za korosho zenye unyevu wa asilimia 12, na zimekauka mpaka asilimia 9. Wengi watasema 12 kutoa 9 ni 3, basi zimepungua kilo 30. Sivyo. Katika zile 1,000, maji yalikuwa kilo 120 na kitu kikavu kilo 880. Kile kikavu hakipai, kinabaki 880. Lakini sasa ndicho asilimia 91 ya mzigo. Gawanya 880 kwa 0.91, unapata 967. Zimepungua kilo 33. Njia fupi ya kukumbuka: chukua kilo za mwanzo, zidisha kwa mia kutoa unyevu wa mwanzo, gawanya kwa mia kutoa unyevu wa mwisho. Ukiwa na namba mbili za unyevu, ile ya siku uliyokabidhi na ile ya siku ya mnada, unaweza kukaa chini na katibu wa chama chako mkahesabu kwa kalamu. Bila namba hizo unabishana na hewa. Wakikukata kilo 33 katika mfano huu, sawa. Wakikukata 50, kuna 17 zinazohitaji maelezo, na maelezo hayo yasianze na neno "jua".

Kwa hiyo siku ya kukabidhi usiishie kuandikiwa kilo. Dai na unyevu uandikwe. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoingia kwenye korosho huku Mtwara, msimu wa 2007/08, mzigo wako unapimwa chamani, unapimwa tena ghala kuu, na mara nyingine tena unapoondoka. Mizani mbili tofauti, siku tofauti, unyevu tofauti, magunia mapya labda. Ni lazima namba zitofautiane, na mtu mwenye nia mbaya anajua kwamba unajua hivyo.

Yule mama alipima nyumbani Jumatano, akaleta Ijumaa. Siku mbili hizo magunia yalikuwa uani yamefunguliwa midomo. Kilo moja katika 238 haifiki hata nusu ya asilimia moja. Huenda ile ya saba ilikuwa maji.

Pwani mchezo unageuka: maji yanaingizwa badala ya kutoka. Pweza akilowekwa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi hunywa, anavimba, anaongeza gramu ambazo mnunuzi atazilipia na mpishi atazimwaga kwenye sufuria. Kanuni za uvuvi zinakataza pweza wa chini ya gramu 500, na katika vijiji vilivyo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000, jambo hilo wavuvi wanalijua. Ukinunua kwa jumla, mpime pweza akiwa ametoka baharini na kuning'inizwa akachuruzika. Usimpime kwenye beseni.

Jambo la pili linalokula kilo ni kubadilisha ujazo kuwa kilo, au kuuacha ujazo ujifanye kilo. Debe, kopo, sado, ndoo: vyote hivyo hupima nafasi, havipimi kitu. Debe la lita 20 likijaa maji ni kilo 20. Likijaa mafuta ya kula ni kilo 18 na kitu. Likijaa petroli ya mashine ya boti ni kilo 15 hivi. Nafasi ni ileile, tungamo tofauti. Wale wanunuzi wa pembeni wanaoitwa kangomba jina lao limeshikamana na kopo kwa sababu hiyo: kopo huitwa "kilo", hujazwa mpaka likawa na kilima juu, na kile kilima hakina bei. Lumbesa ni kilima hichohicho kimeshonewa gunia la pili juu. Ukiuza kwa kopo, umeuza kwa macho ya mnunuzi.

Usidhani kosa la lita na kilo ni la watu wasiosoma. Tarehe 23 Julai 1983 ndege mpya aina ya Boeing 767 ya Air Canada iliishiwa mafuta ikiwa angani, zaidi ya kilomita 12 juu. Ilihitaji kilo 22,300 za mafuta. Waliojaza walipima lita zilizokuwamo, wakazidisha kwa 1.77 ili wapate kilo. Lakini 1.77 ni namba ya kugeuza lita kuwa ratili. Ya kugeuza lita za mafuta yale kuwa kilo ni 0.8. Wakaamini wana kilo kumbe wana ratili, chini ya nusu ya walichohitaji. Rubani aliiteremsha bila injini kwenye uwanja wa zamani wa kijeshi mahali panapoitwa Gimli, na watu wote 69 wakapona. Wote waliohusika walikuwa na vyeti.

Ratili tunadhani tumeizika na mkoloni, kumbe ipo kwenye korosho yako. Ubora wa korosho ghafi katika biashara ya dunia hutajwa kwa ratili: ni ratili ngapi za punje nzuri zitatoka kwenye gunia la kilo 80. Ukisikia "hii ni arobaini na nane", hawataji kilo wala asilimia. Ni ratili 48 za punje ndani ya kilo 80 za korosho yenye ganda, vipimo viwili vya koo mbili katika sentensi moja. Kugeuza ratili kuwa kilo, hesabu kamili ni kuzidisha kwa 0.4536. Kichwani fanya hivi: gawa kwa mbili, kisha toa sehemu ya kumi. Nusu ya 48 ni 24, toa 2.4, zinabaki 21.6. Jibu la kikokotoo ni 21.8, umekaribia vya kutosha kubishana. Maana yake ni kwamba katika kila gunia lako, zaidi kidogo ya robo ndiyo punje, na mnunuzi aliye mbali analipia hiyo robo. Korosho uliyoiokota mapema na kuianika vizuri ikipanda kutoka 46 hadi 50, gunia limeongeza punje ya karibu kilo mbili bila kuongezeka hata gramu moja mizanini.

Kwenda upande wa pili, kilo kuwa ratili, zidisha kwa mbili uongeze sehemu ya kumi: 80 inakuwa 160, ongeza 16, ratili 176. Tani nazo ni ndugu watatu. Yetu ni kilo 1,000. Ya Uingereza ya zamani ni kilo 1,016, ya Marekani ni 907. Bei ya dunia ikitajwa kwa dola kwa tani, hakikisha ni tani ipi, kisha gawa kwa elfu upate dola kwa kilo. Dola 1,500 kwa tani ni dola moja na nusu kwa kilo. Kama dola siku hiyo ni shilingi 2,500, basi ni 3,750. Kati ya namba hiyo na bei ya mnada wako kuna usafiri, ushuru, bandari na faida ya mtu, lakini sasa una mahali pa kuanzia.

Wazee wa Mikindani walikuwa na ngazi yao wenyewe, na sidhani ilikuwa mbaya. Kibaba, vibaba vinne pishi moja, pishi sita frasila, na frasila kwa kilo ni kama 16. Ubaya wake ni kwamba kibaba na pishi vilikuwa vya ujazo na frasila ya uzito, kwa hiyo aliyekuwa na pishi pana ndiye aliyekuwa tajiri. Kilo imetuondolea hilo. Kilo yenyewe, kwa zaidi ya miaka mia, ilikuwa kipande cha madini ya platina na iridi kilichofungiwa karibu na Paris tangu 1889. Tangu tarehe 20 Mei 2019 haitegemei tena kipande chochote bali namba za maumbile zisizobadilika. Frasila haikuwahi kupata heshima hiyo.

Gramu ndogo nazo zina pesa, hasa wakati wa kupuliza. Bwana shamba akikuelekeza gramu 250 za salfa kwa mkorosho mmoja kwa mzunguko, mfuko wa kilo 25 unatosha mikorosho 100, maana kilo 25 ni gramu 25,000. Ukijikuta umemaliza mfuko kwenye mikorosho 60, umepuliza gramu 400 na zaidi kwa kila mmoja na umetia salfa kwenye nyasi za jirani. Pima mara moja kwa mizani ya jikoni ujue 250 inafika wapi kwenye kopo lako, chora alama kwa msumari, basi. Hapo kopo limepata adabu.

Saruji inachekesha zaidi. Nimemsikia fundi mmoja pale Mtwara mjini akigombana na mwenye duka kwamba mifuko imepunguzwa, kwa sababu imeandikwa 42.5 badala ya 50. Mfuko ni kilo 50. Ile 42.5 haina uhusiano na kilo. Ni nguvu, na hapa ndipo nyutoni za mwalimu zinapotokea mtaani. Saruji hiyo, mchanganyiko wake wa majaribio ukifikisha siku 28, inapaswa kustahimili angalau nyutoni 42.5 kwenye kila milimita moja ya mraba. Kipande kidogo chenye uso wa sentimita nne kwa nne kinabeba nyutoni 68,000 kabla ya kupasuka, sawa na kukipakia karibu tani saba. Ile iliyoandikwa 32.5 inabeba pungufu, na mfuko wake nao ni kilo 50. Kwa hiyo namba zote mbili zina kazi: moja ukapime dukani, nyingine umwachie mjenzi achague, plasta au nguzo.

Mtungi wa gesi ni somo la gunia tupu lililorudi kwa sura nyingine. Ukinunua wa kilo 6, hizo 6 ni gesi peke yake. Chuma chenyewe kina kilo zake, na huandikwa au kugongwa juu ya mtungi karibu na shingo. Pima mtungi mzima, toa namba hiyo, kinachobaki ndicho ulicholipia. Dakika mbili tu, na muuzaji hataonekana kushangaa mara ya pili.

Mwenye chombo kinachoingia mdomo wa Ruvuma ana hesabu moja zaidi. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya mto. Lita 1,000 za bahari ni kama kilo 1,025, za mto ni 1,000. Mashua ambayo pamoja na mzigo ina tani nne, ikitoka baharini na kuingia kwenye maji baridi, lazima isukume karibu lita mia zaidi ili ielee, na inafanya hivyo kwa kuzama zaidi. Kwa mashua ya kawaida ni upana wa kidole. Mzigo haujaongezeka. Lakini pale mdomoni pana mafungu ya mchanga yanayohama, na nahodha aliyejaza mpaka ukingoni baharini kwa kutegemea kidole hicho, anakikosa hasa pale anapokihitaji. Jaza mzigo ukifikiria maji utakayoishia.

Sasa, unawezaje kuijua mizani kama huna mawe ya kupimia? Una maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, kosa lake ni gramu chache tu. Usitumie dumu la lita 20 ukalijaza mpaka mdomoni, kwa sababu madumu mengi yanapita 20 yakijaa. Nunua chupa ya maji ya lita moja iliyofungwa, inywe, tumia chupa hiyo kumimina mara ishirini kwenye dumu, ukijaza kila mara mpaka pale maji yalipokuwa yameishia ilipokuwa imefungwa. Chora mstari kwa kisu. Dumu lenyewe lipime likiwa tupu kwenye mizani ndogo ya mwenye duka, uandike gramu zake ubavuni kwa wino usiofutika. Umepata jiwe lako.

Mama yule alirudi Ijumaa iliyofuata. Safari hii alikuja na magunia mawili, na dumu la njano kichwani lenye mstari wa kisu na namba ya wino, 950. Mjomba alikuwa amemfundisha. Akalitua juu ya jukwaa la mizani kabla sijasema neno, akafunga kanga vizuri, akainama kusoma mwenyewe.

Ilisoma 20.9.

"Haya, mwanangu," akasema, "pandisha magunia."